Marobota ya Kwenda Brussels

Gunnvor Hjelle aligundua uongo wa mumewe akiwa amepiga magoti mbele ya Bibi Petra, akimvisha soksi za kubana miguu. Ndiyo kazi yake hiyo, kuzunguka majumbani kwa wazee wa bonde la Ytredal, kuwavisha, kuwapa dawa, kusikiliza habari zilezile na kuzishangaa upya kila asubuhi. Lakini habari ya asubuhi hii ya Jumatano haikuwa ile ya kila siku.

"Binti yenu si yupo darasa la kumi?" Bibi Petra aliuliza.

"Yupo."

"Basi mbona hamniletei karatasi za chooni? Wenzenu wa ng'ambo ya mto wamekuja hapa mara mbili. Nikawaambia, hapana, nawangoja majirani zangu. Sasa nimebakiwa na mbili tu, mwenzio naungaunga."

Mkono wa Gunnvor ulisimama kwenye kisigino cha mzee. Jumapili, mezani, mumewe Oddbjørn alisema amemaliza kuuza upande wote huu wa mto. Na upande huu wa mto unaanzia kwa Bibi Petra. Huwezi kwenda kwa mtu yeyote bila kupita kwenye ngazi zake.

"Oddbjørn hajapita?" aliuliza polepole.

"Anapita sana. Na trekta. Ananipungia mkono, lakini hashuki." Bibi Petra aliinama akamtazama usoni. "Nimesema kibaya?"

"Hujasema kibaya, Bibi. Lete mguu wa pili."

Huko kwao shule ni bure, na ubure wenyewe umeandikwa katika sheria. Shule haiwezi kumwambia mzazi lipa ndipo mwanao asafiri. Kwa hiyo wazazi wakitaka watoto wao waende mahali, wanafanya msaragambo, wanatafuta fedha pamoja, zinaingia chungu kimoja, na chungu kikijaa wanakwenda wote. Kisipojaa haendi hata mmoja. Mwaka huu darasa la binti yao Ylva, watoto kumi na saba, walitaka kwenda Brussels wiki nzima mwezi Mei, wakalione Bunge la Ulaya, wakae katika viti vya wanasiasa, wawaulize maswali wenyewe na wajibiwe. Wazazi wakaagiza karatasi za chooni, kama wazazi wa nchi hiyo wanavyofanya tangu zamani, kwa sababu hakuna nyumba inayoweza kusema haizihitaji. Kila nyumba ilipewa marobota thelathini na mawili. Fedha zilitakiwa Jumamosi, saa sita mchana, na bila fedha za nyumba zote safari ingefutwa.

Saa ya chakula cha mchana Gunnvor hakwenda mezani. Alikwenda bandani.

Banda la Hjelle linajulikana na kila anayepita barabara ile. Ukuta wake mwekundu unatazama barabarani, na juu ya wekundu huo kumeandikwa neno moja kwa rangi nyeupe, herufi zenye urefu wa mtu mzima: HAPANA. Oddbjørn aliliandika akiwa kijana, mwaka wa kura ya maoni, nchi ilipoulizwa kama inataka kujiunga na Umoja wa Ulaya. Nchi ilikataa, na bonde la Ytredal lilikataa kuliko nchi. Tangu siku hiyo, miaka thelathini na ushei, kila Mei Oddbjørn hupanda ngazi na ndoo ya rangi, akalipaka neno lile upya, mvua isije ikalila. Yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la wapinzani wa Umoja, na katika bonde zima hakuna aliyewahi kugombea naye.

Darini, penye nyasi kavu za ng'ombe, kulikuwa na turubai. Gunnvor alilivuta kwa mikono miwili. Marobota yalikuwa yote pale chini yake, hakuhitaji kuhesabu.

"Nani yuko juu?" Oddbjørn aliita kutoka chini. Alikuwa na beleshi la samadi mkononi.

"Panda."

Alipanda. Alipoliona turubai likiwa chini, alivua kofia, akaivaa tena.

"Hiki nini?" Gunnvor aliuliza.

"Si unaona."

"Macho ninayo. Nataka kusikia kwa mdomo wako."

"Bado sijauza."

"Jumapili ulisema umeuza."

"Nilisema nitauza."

"Oddbjørn! Ulikuwa na kiazi mdomoni, ukasema upande huu umekwisha. Ylva akakushukuru. Akakumwagia mchuzi mwenyewe!"

Oddbjørn aliketi juu ya robota moja. Ni mtu mkubwa, na robota lilinywea chini yake. "Nilidhani hela ya maziwa ikiingia nitalipia yote kimyakimya. Mambo yaishe."

"Hela ya maziwa ipi? Hiyo iliyokwenda kwenye nyasi?" Kiangazi kilichopita mvua iligoma, na nyasi wanazokula ng'ombe wao sasa zilinunuliwa mbali, kwa bei ya kutukanana. "Tuna nini benki, Oddbjørn? Sema."

"Hatuna."

"Sasa kwa nini hukuuza? Watu wote wananunua. Hata kipofu anaweza kuuza karatasi za chooni."

"Kipofu hana ukuta," Oddbjørn alisema, akaelekeza kidole nyuma yake, zilipokuwa herufi zile upande wa nje. "Nitagonga mlango wa Torleiv nimwambie nini? Torleiv, ndugu yangu, miaka thelathini mimi na wewe tunazunguka bonde hili tukiwaambia watu Brussels ni shimo. Haya, toa krona mia nne nimpeleke binti yangu shimoni. Hivyo?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Nilifika hadi kwenye sanduku lake la barua, Gunnvor. Mara tatu. Nikageuza trekta."

Ingekuwa jambo la kuchekesha kama si saa yenyewe. Ngazi ililia, na kichwa cha Ylva kikatokeza darini, mkoba bado mgongoni. Siku za Jumatano wanatoka mapema. Alikuwa amesikia tangu kwenye kiazi.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema.

Alimaliza ngazi, akatua mkoba juu ya nyasi.

"Mwalimu Brage alisema leo kuna nyumba moja haijaleta hata krona. Hakutaja jina, hairuhusiwi kutaja. Watu wakaanza kutazamana." Uso wake wa miaka kumi na sita ulikuwa umewaka hadi masikioni, masikio ya baba yake yale. "Mnajua nani alisimama akasema huyo aliyekalia marobota aone haya? Mimi. Darasa zima likanipigia makofi."

"Ylva," Oddbjørn alianza.

"Na mimi ndiye nimechaguliwa kuuliza swali la wakulima. Wamenichagua kwa sababu yako, Baba. Walisema mtoto wa Hjelle hawezi kuogopa mtu."

Hilo lilimchoma kuliko yote aliyoambiwa na mkewe. Ylva hakungoja aone limemchoma kiasi gani. Alikamata robota kwa masikio yake ya plastiki, akalivuta hadi kwenye mlango wa dari, akalisukuma chini.

"Mama, tela liko wapi?"

*

Jioni hiyo Ylva na mama yake walianzia kwa Bibi Petra. Alinunua mawili, akawapa na kipande cha keki. Baada ya hapo mambo yakawa magumu, na ugumu wake haukuwa ule waliouogopa. Hakuna aliyewafukuza. Watu walitoka, wakaliona tela, wakaona ni akina Hjelle, wakaanza kutabasamu.

"Za wapi hizi? Za Brussels?" aliuliza fundi wa mabomba, amejaa mlangoni na suruali ya mpira. "Na mwenyekiti anajua? Au mmemfungia bandani na ng'ombe?"

"Anajua," Gunnvor alisema.

"Basi na aje mwenyewe. Akija mwenyewe, kwa mdomo wake, nanunua matatu."

Nyumba ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu walikuwa wameshapigiwa simu na ya kwanza. "Oddbjørn yuko wapi? Ana homa?" Mwanamke wa nyumba ya nne aliita watoto wake waje kuona, akaahidi manne kama Oddbjørn atavaa ile beji yake ya wapinzani wa Umoja. Walikuwa wakicheka bila ubaya, na kucheka bila ubaya hakulipi safari. Hadi jua linakaribia mlima walikuwa wameuza matatu, pamoja na yale ya Bibi Petra.

Oddbjørn alikuwa jikoni, amewapikia uji mzito wa maziwa kwa mdalasini, chakula anachokijua peke yake. Ylva alisimama mezani bila kuketi.

"Wanakutaka wewe," alisema.

"Wanataka kunicheka."

"Ndiyo. Wakimaliza kucheka wananunua. Robota moja kicheko kimoja. Sioni ugumu wake."

Gunnvor aliinamia sahani yake ili asitabasamu. Oddbjørn alimtazama binti yake, akatafuta katika uso ule kitu cha kukemea, asikipate.

"Kesho nikishakamua," alisema.

*

Ukitaka kujua watu wa bonde walivyoipokea Alhamisi ile, wapo watakaokusimulia hadi leo. Oddbjørn Hjelle alivaa koti lake la mazishi. Kwa nini la mazishi hajaeleza. Fundi wa mabomba alinunua matatu kama alivyoahidi, akampiga picha. Yule mwenye watoto alidai beji, na beji ilikuwepo, mfukoni, kwa hiyo manne yakaondoka. Kila mlango Oddbjørn alisema maneno yaleyale, "Nauza karatasi za chooni, darasa la Ylva linakwenda Brussels," haraka, kama mtu anayemeza dawa, na Ylva nyuma yake alikuwa ameshashusha robota kabla sentensi haijaisha.

Kwa Eivind Lote haikuwa rahisi hivyo.

Eivind aliwahi kuwa meneja wa benki. Mwaka wa kura ndiye pekee upande ule wa mto aliyepandisha bendera ya Umoja uani kwake, ile ya buluu yenye nyota. Sasa alikuwa mjane, na alikuwa amewaona wakija tangu kwenye daraja.

"Simama," Eivind alisema, mara Oddbjørn alipofungua mdomo. "Miaka thelathini naingoja siku hii, usiniharibie kwa haraka. Rudi nje. Gonga upya."

"Eivind."

"Gonga, bwana."

Mlango ulifungwa. Oddbjørn alimtazama Ylva. Ylva alitazama mawingu. Oddbjørn akagonga.

"Nani?"

"Unajua ni nani!"

"Ooh, mwenyekiti! Karibu. Una shida gani?"

"Eivind, naomba unisaidie kumpeleka mwanangu Brussels."

Alilisema lote, taratibu, bila kuambiwa alirudie. Masikio yalikuwa mekundu kama ukuta wa banda lake. Eivind alikuwa amejiandaa kucheka, hata mkono ulikuwa tayari tumboni, lakini kicheko hakikuja. Aliwaketisha jikoni, akawamiminia kahawa, akaleta maandazi bapa yaliyookwa katikati ya vyuma viwili, pamoja na jibini ya kahawia. Waliona ameshayaandaa kabla hawajafika.

"Hicho kiti," alimwambia Oddbjørn, "mara ya mwisho ulikikalia wiki moja kabla ya kura. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Baada ya hapo hakikukaliwa na mtu wa tawi lako hata siku moja. Marehemu mke wangu alikuwa anaoka Jumamosi kwa mazoea. Tukawa tunakula wenyewe." Alisukuma sahani ya jibini kwa Ylva. "Kula, mwanangu. Yeye angefurahi."

Oddbjørn aliivuta sahani karibu. Alikula maandazi matatu, na kwa mtu wa kule, huko ni kuomba radhi kwa sauti kubwa. Eivind alinunua sita.

Yalibaki kumi na mawili walipofika kwa Torleiv.

Torleiv alikuwa akichonga miti ya uzio uani. Aliliona tela, akaliona koti, akaendelea kuchonga. Mkewe, Jorunn, alikuwa akianika nguo, na yeye aliacha.

"Nilisikia," Torleiv alisema. "Nikasema hapana, watu wanazusha."

"Hawajazusha."

"Yamebaki mangapi?"

"Kumi na mawili."

Torleiv aliweka shoka chini. "Nayachukua yote. Hapa hapa, nalipa kwa simu sasa hivi. Darasa liende, sina ugomvi na watoto wa watu. Ila binti wa Hjelle abaki. Watu waone kuwa angalau nyumba moja ina msimamo."

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Fedha zingetimia. Watoto kumi na sita wangepanda ndege. Oddbjørn angelala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, na mwezi ujao angechaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Ylva, ameketi kwenye ukingo wa tela, alisikia kila neno, na kilichomtisha ni jinsi baba yake alivyonyamaza.

"Amechaguliwa kuuliza swali la wakulima," Oddbjørn alisema mwishowe.

"Swali la nini? Jibu tunalijua."

"Tunalijua mimi na wewe. Yeye amelisikia kwetu tu."

"Halitoshi?"

"Wewe na mimi tulisema nini mwaka ule, Torleiv? Tulipanda kwenye jukwaa pale ukumbini tukasema watu wasiamuliwe na wakubwa, wasikilize, waamue wenyewe. Sasa mkubwa ni mimi."

"Umelainika."

"Labda."

"Basi mwezi ujao usingoje mkono wangu kura ikipigwa."

"Sitaungoja," Oddbjørn alisema. Torleiv ndiye aliyemshikia ngazi siku ile ya kwanza alipoandika neno lake ukutani. Oddbjørn alipanda trekta. Njiani Ylva alihama kutoka kwenye tela, akaja kukaa juu ya kinga ya tairi, karibu na baba yake, mahali alipokuwa akikaa alipokuwa mdogo.

*

Kikao cha wazazi kilikuwa Ijumaa jioni, na jua bado lilikuwa madirishani. Wanafunzi waliwaandalia wazazi kahawa na keki. Mweka hazina alikuwa Henriette Falkanger, ambaye mumewe ana mabwawa ya samaki kule kwenye mlango wa bahari. Ni mama mchangamfu, asiyependa mambo yacheleweshwe.

"Tumekaribia sana," alisema. "Pamebaki pengo dogo. Hatutaji nyumba."

"Taja," Oddbjørn alisema, akasimama. "Au nitaje mwenyewe. Ni sisi. Nilikaa na marobota wiki mbili darini, nikaidanganya familia yangu. Sasa yamebaki kumi na mawili."

Kikombe kiligonga sahani mahali fulani. Kwenye meza ya kahawa watoto walimgeukia Ylva. Alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili, na hakuinamisha uso.

"Na aliyesema waone haya ni mimi," aliwaambia wenzake. "Nimeshaona."

"Jamani, Oddbjørn, mbona unajitesa?" Henriette alisema. "Ungelipia tu kwa simu kama sisi wengine."

"Sisi wengine nani?"

"Si sote? Nani ana muda wa kugonga milango? Sisi tulilipia siku ileile yalipofika."

"Gereji yetu imejaa, gari linalala nje," alisema baba mmoja, na watu wakacheka kwa nafuu. Mwingine akasema yake yako chini ya kitanda cha wageni. Ikabainika kwamba nyumba tisa kati ya kumi na saba hazikuwa zimeuza robota hata moja. Nusu ya bonde ilikuwa imeficha karatasi za chooni.

"Basi tulificha wote," Oddbjørn alisema. "Tofauti ni kwamba mimi sina cha kulipia."

Kicheko kilikatika. Kule kwao unaweza kusema lolote kikaoni ila hilo.

"Sisi tutayalipia," Henriette alisema haraka, simu tayari mkononi. "Kumi na mawili ni kitu gani? Yaishe, twende kwenye ajenda ya vyumba." Alisema kwa wema. Alisema kama anayepangusa makombo mezani, naye hakujua. Gunnvor alijua. Alikuwa amekamata kiti cha mbele yake kwa nguvu hadi mwenye kiti akageuka.

"Nashukuru," Oddbjørn alisema. "Hapana."

Hilo neno, angalau, alikuwa na mazoea nalo.

"Usiwe na kiburi, Oddbjørn, watoto ndio watakaoumia."

"Imeandikwa Jumamosi saa sita mchana." Alimgeukia mwalimu. "Brage, imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa hivyo," Mwalimu Brage alisema.

"Leo Ijumaa," Gunnvor alisema. Alikuwa amesimama, na hakukumbuka alisimama lini. "Kesho saa sita kasorobo mtapata fedha. Ikifika saa sita hazijafika, Henriette, nitakuja kukupigia magoti mwenyewe. Kazi ya kupiga magoti naiweza."

*

Jumamosi asubuhi Ylva aliamshwa na mlio wa ngazi ya chuma ikigonga ukuta. Alitoka na sweta juu ya nguo za kulalia. Baba yake alikuwa juu, ndoo ya rangi nyeupe ikining'inia kwenye ndoana, na chini ya neno lake la miaka thelathini alikuwa ameshaandika mstari mzima kwa herufi ndogo zaidi, za kupinda kidogo:

KARATASI ZA KWENDA BRUSSELS ZINAUZWA HAPA

"Baba!"

"Nimekosea herufi?"

"Hapana. Iko sawa." Alisoma kuanzia juu. Alisoma tena. Alicheka hadi akaketi kwenye majani yenye umande.

Barabara ile Jumamosi ya Aprili haina utulivu. Wapo wanaokwenda kwenye nyumba zao za mapumziko milimani, wapo wanaopeleka watoto mpirani, wapo wanaokwenda popote mradi theluji imeondoka. Gari la kwanza lilipita, likapunguza mwendo, likarudi kinyumenyume. Dereva alikuwa mgeni kutoka mjini. Alitaka picha kwanza, robota baadaye, akachukua mawili. Basi dogo la timu ya wasichana wa mpira wa mikono lilichukua matatu, wakidai kwamba uwanja wao hauna. Gunnvor alipokea malipo kwenye simu, Ylva alibeba, na Oddbjørn alisimama chini ya maandishi yake na koti la mazishi lenye matone ya rangi, akijibu maswali.

"Sasa ni hapana au ni ndiyo?" aliuliza mzee mmoja dirishani.

"Ni mia nne," Oddbjørn alisema.

Saa nne kasorobo lilipita gari la Torleiv. Halikusimama. Saa nne na nusu lilipita tena, likielekea kulikotoka, dereva ameukaza uso mbele kama anayeendesha kwenye ukungu. Oddbjørn alilipungia mkono. Halikumjibu.

Saa tano na nusu lilibaki robota moja, na barabara ikanyamaza. Kuna nyakati barabara inakuwa hivyo, hata ndege anasikika akitembea. Saa sita kasoro ishirini na tano. Gunnvor alitazama simu, akaifunika kwa kiganja.

"Nitanunua mimi," Ylva alisema. "Nina hela ya siku ya kuzaliwa."

"Weka hela yako," baba yake alisema. "Bado."

Kwenye kona ilitokea baiskeli. Aliyeiendesha alikuwa na kofia ngumu ya baiskeli na aproni ya jikoni, na alikuwa akihema. Alikuwa Jorunn, mke wa Torleiv.

"Limebaki?"

"Moja."

"Lifungeni hapa nyuma."

Gunnvor na Oddbjørn walitazamana. "Jorunn," Oddbjørn alisema, "Torleiv hataki Ylva aende."

"Hataki yeye. Mimi niliulizwa?" Alitoa simu kwenye aproni. "Juzi mlisimama uani kwangu, nikashika nguo mbichi mkononi mpaka ikanilowesha, na hakuna aliyenigeukia. Si yeye, si wewe. Miaka yote hiyo nimewapikia kahawa ya vikao, hamkuniuliza hata siku moja mimi nilipiga kura ipi."

"Ulipiga ipi?" Ylva aliuliza.

"Ni siri yangu na sanduku," Jorunn alisema. "Kaza kamba, mwanangu."

"Utalificha wapi?" Gunnvor aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilifichie nini? Chooni si anakwenda kama watu wote?"

Akapanda baiskeli, robota jeupe likipepesuka nyuma yake, akaondoka katikati ya barabara mahali ambapo bonde zima lingemwona. Gunnvor alituma fedha. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na sita. Alama ya kupokelewa ilipotokea aliketi juu ya tela tupu, akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sweta, akaingia ndani kuweka viazi motoni.

Oddbjørn na Ylva walibaki mbele ya ukuta. Ngazi ilikuwa bado imeegemea.

"Utayafuta?" Ylva aliuliza.

"Haya ya chini, Jumatatu."

"Na hilo la juu?"

Oddbjørn alikung'uta brashi kwenye ukingo wa ndoo. Neno lilikuwa limechujuka wakati wa baridi, kama kila mwaka, na herufi ya mwisho ilikuwa imeanza kubanduka.

"Mimi hulipaka Mei," alisema. "Mwaka huu nitangoja. Nenda ukaulize swali lako. Wasikilize wakikujibu hadi mwisho, hata wakikuudhi, usiwakatize kama ninavyowakatiza mimi. Ukirudi utaniambia nifanye nini."

"Nikisema upake?"

"Nitapaka."

"Na nikisema usipake?"

Baba yake aliinua ncha moja ya ngazi, naye akashika ya pili, wakaanza kuibeba kuelekea bandani.

"Rangi nyekundu ninayo pia," Oddbjørn alisema.